Bwawa la Mama: shajara ya bustani ya Moshono, Februari hadi Desemba

Februari 8

Leo tumeanza kuchimba. Kazi hii nimeiahirisha miaka miwili, lakini tangu Mama ahamie kwetu kutoka Kibosho nimeona haiwezi kungoja tena. Kule nyumbani mfongo, yaani mfereji wa maji wa Wachaga, ulipita nyuma ya migomba, hatua chache kutoka jikoni, na tangu utotoni amelala akisikia maji yakienda. Hapa Moshono, Arusha, analala akisikia pikipiki. Hajalalamika. Ila wiki ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, maji ya huku yanapita wapi?" Nikakosa la kumjibu.

Mahali: upande wa mashariki wa nyumba. Jua linapapiga tangu asubuhi mpaka kama saa saba mchana, kisha kivuli cha nyumba kinapafunika. Mayungiyungi yanataka jua kwa muda wa saa tano au sita kila siku ndipo yatoe maua, na jua la kutwa nzima hugeuza maji kuwa ya kijani kama mchuzi wa mlenda. Kasoro ni moja, mjakaranda wa jirani uliochungulia juu ya ukuta. Nimepima kwa macho, matawi hayafiki.

Vipimo: urefu mita 3, upana mita 2, kina sentimita 80 katikati. Pembeni tunaacha kidato cha upana wa sentimita 30 cha kuwekea mimea. Hiki kina cha 80 nimekipigania, maana kijana anayechimba alitaka kuishia magotini. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai una meno. Maji ya kina kifupi hupoa na kuchemka upesi kama ya sufuriani. Ya kina kirefu hubadilika taratibu, na samaki huumizwa zaidi na mabadiliko ya ghafla kuliko baridi yenyewe.

Udongo wa juu ni mweusi na laini. Tulipopita sentimita 40 tukakuta changarawe za volkano, zile nyepesi ambazo ukizitupa kwenye ndoo nyingine zinaelea. Nikamwaga debe tatu za maji shimoni nikaenda kuchukua chai. Sijafika nusu kikombe, shimo kavu.

Februari 12

Fundi anataka sementi. "Baba, sementi unajenga mara moja tu." Namheshimu, nusu ya kuta za mtaa huu ni mkono wake, lakini nimekataa. Ardhi hii hushuka kidogo kila masika, na ufa mwembamba kama unywele unatosha kulikausha bwawa. Halafu sementi mbichi hutoa chokaa ndani ya maji na kupandisha pH, kile kipimo cha asidi na magadi ya maji. Rafiki yangu wa Kijenge alijaza bwawa la sementi Jumamosi, akaweka samaki Jumapili, Jumatatu asubuhi wote wanaelea tumbo juu. Ikabidi ajaze na kumwaga mara nne, kila mara akiyaacha maji wiki nzima, ndipo likakubali kuishi kitu. Anayetaka sementi afanye hivyo na asikubali kuharakishwa na mtu.

Mimi nachukua karatasi nyeusi ya bwawa, ya unene wa nusu milimita, hiyo wakulima wa mboga wanayokingia maji ya mvua. Hesabu yake ni urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 30 za kukunjia kila upande. Kwangu ni 3 na 1.6 na 0.6, jumla mita 5.2. Upana kwa njia hiyo hiyo unakuja mita 4.2.

Februari 16

Tumetandika. Chini tumelaza mifuko ya salfeti na zulia kuukuu la sebuleni, maana jiwe moja lenye ncha linatosha kuharibu kila kitu. Karatasi ilikuwa ngumu, ikagoma kukaa kwenye kona. Tukaianika juani mpaka saa nane mchana, ikalainika, ikashuka yenyewe.

Februari 17

Kabla ya tone la maji kuingia, wavu.

Mtoto wa mdogo wangu ana miaka miwili na nusu na kila Jumapili yuko hapa. Mtoto wa umri ule anaweza kuzama katika maji yasiyomfika kiunoni, kimya kabisa, huku wakubwa wamekaa mita tano tu pembeni wanakula. Sitaki kulala nikifikiria hilo. Fundi wa kuchomelea amenitengenezea fremu ya nondo na wavu mzito wa matundu ya sentimita tano, unaokaa juu kidogo ya uso wa maji bwawa zima. Alipomaliza akapanda juu yake, mtu mzima wa kilo themanini na kitu, haukunesa. Mke wangu ameuliza kama hautapunguza uzuri. Utapunguza. Mimea itauficha kiasi, kitakachobaki kibaki. Kama una bwawa na una watoto wanaoingia kwako, hata wa jirani, sikushauri ulijaze bila kitu cha namna hii.

Machi 1

Maji yameingia. Hapa nitaandika kwa kirefu, kwa sababu katika watu wote niliowatembelea kabla ya kuanza, waliofanikiwa walinizungumzia maji na waliofiwa na samaki walinizungumzia samaki.

Maji ya upande huu yana tabia yake. Yanapita kwenye mwamba wa Meru, mlima wa volkano, na yanatoka na floraidi na magadi. Waliokulia pande za Maji ya Chai na Ngurdoto wanajulikana kwa meno yenye rangi ya kahawia kwa sababu hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na visima vingi vya ukanda huu vinapita hapo. Kwa mwenye bwawa, cha kuangalia zaidi ni magadi: pH yetu iko juu. Nimepima kwa dawa ya matone, ile ya kulinganisha rangi. Kisima cha jirani 8.4. Bomba 7.9. Mvua ya vuli iliyobaki kwenye simtanki, 6.5.

Mvua peke yake haifai kwa sababu haina kitu cha kuishikilia, pH yake inayumba kwa jambo dogo. Nimechanganya: lita 2,600 za bomba, nimezisoma kwenye mita, na lita 1,000 za simtanki. Jumla lita 3,600. Namba hiyo nimeiandika kwa rangi ukutani, nyuma ya ua la mgagani, kwa kuwa kila chumvi, kila dawa na kila samaki ataanzia kuhesabiwa hapo.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini huunguza mashavu ya samaki. Yakikaa wazi siku mbili juani inaondoka. Kwetu hakuna haraka, samaki wenyewe bado.

Machi 8

Chujio. Nilikuta wanauza yaliyotengenezwa, bei yake ikanirudisha nyumbani kwa miguu. Nimetumia pipa la plastiki la lita 200 lililokuwa na juisi, si lililokuwa na kemikali. Pampu ya lita 2,500 kwa saa inavuta maji kutoka kina cha chini na kuyaingiza chini ya pipa. Yanapanda kupitia sponji nene, kisha kupitia moramu nyekundu, kisha yanamwagikia nje juu ya jiwe bapa na kurudi bwawani.

Moramu hii ndiyo hazina yetu, na watu wanaipita kila siku barabarani wakiikanyaga. Ni jiwe la volkano lenye matundu elfu. Shika kokoto moja ukilikaribisha jichoni utaona vyumba vidogo ndani ya vyumba, na kila chumba ni nyumba ya bakteria watakaosafisha maji. Nimeiosha mara tisa mpaka maji yakaacha kuwa mekundu.

Jiwe bapa limetuchukua alasiri nzima. Mama alikaa kwenye kigoda chake akasikiliza. "Hapana, hiyo ni sauti ya bomba." Tukalisogeza. "Hiyo ni ya chooni." Tukaliinamisha kushoto, nikaweka jiwe dogo katikati ili maji yagawanyike. Akafumba macho, akanyamaza muda. "Hapo. Acha hapo, usiguse tena." Nimezungushia mstari wa rangi lilipokaa.

Machi 8 hadi Aprili 11

Wiki tano za kutofanya kitu, na ndizo ngumu kuliko kuchimba. Wenzangu wa mabwawa wanaita kuivisha maji. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye mashavu, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia na mimea inaila. Bakteria hawa hawanunuliwi kwa haraka. Wanakuja wenyewe na wanazaliana polepole, na baridi ikiwepo polepole zaidi.

Kaka mmoja wa Ilboru, bwawa lake lina miaka saba, alinikatia kipande cha sponji chafu kutoka chujio lake. Nilikuja nacho kwenye bodaboda, kimelowa ndani ya ndoo yenye mfuniko, nikakipachika kwenye pipa langu. Kila siku nilitupia chakula kidogo cha samaki kioze, bakteria wapate cha kula.

Vipimo, kwa miligramu katika lita: Machi 15 amonia 1. Machi 24 amonia 2, naitraiti inaonekana kwa mbali. Aprili 2 amonia nusu, naitraiti 2. Aprili 11 vyote viwili sifuri, naitreti 20. Maji yameiva.

Mbu walitukumbuka kabla ya hapo. Siku ya kumi nikaona viluwiluwi vinaning'inia penye kona ambako maji yametulia. Nilishona chandarua kuukuu kwenye waya wa duara nikavivua kila baada ya siku nne, visipate muda wa kuwa mbu, na nikageuza mdomo wa bomba ule upande nao uwe na mtikisiko. Mbu jike hapendi kutaga penye maji yanayocheza.

Aprili 14

Masika. Mvua ya usiku imeingiza maji ya uani, na maji ya uani yameingiza matope na kinyesi cha kuku. Bwawa limekuwa rangi ya kahawa ya maziwa. Kosa ni ukingo niliouacha sawa na ardhi. Tumeuinua kwa mawe sentimita 12 kuzunguka pote na kutoboa njia ya bomba la inchi mbili upande wa chini, ili likijaa limwage kwenye migomba. Nashukuru samaki hawakuwepo. Shamba la juu yetu wanapulizia nyanya dawa, na maji yake yasingewaacha.

Mei 3

Samaki wa dhahabu wanne, wa urefu wa kiganja. Niliwaacha wakielea na mfuko wao juu ya maji dakika ishirini, nikawa namimina kikombe cha maji ya bwawa ndani ya mfuko kila baada ya dakika tano, halafu nikawatoa kwa wavu bila kumwaga maji ya dukani bwawani. Wiki mbili zijazo wanne wengine, vipimo vikikubali.

Nilitamani koi. Ni samaki aliyelelewa na Wajapani wa Niigata kwa rangi zake, na ukimwona kwenye bwawa kubwa huwezi kuondoka. Lakini koi mkubwa anapita sentimita 60, na wenye uzoefu wanampa kila mmoja lita elfu moja au zaidi. Kwa lita zangu 3,600 ningekuwa namfunga. Dhahabu nane watakaa vizuri na kuzeeka humu.

Juni 21

Shemeji amekuja kumsalimia Mama, na hakuja mikono mitupu. Kwenye gari ana mifuko mitatu yenye hewa, ndani perege thelathini, wa urefu wa kidole cha kati. "Shemeji, bwawa bila samaki wa kuliwa ni la nini?" Mama akacheka kwa furaha. Ningesemaje? Zawadi ya mtu aliyetoka mbali humwambii airudishe. Tumewaweka jioni hiyo hiyo.

Julai 9

Naandika nikiwa na matope mpaka magotini.

Saa kumi na moja alfajiri Mama alinigongea dirisha. "Amka, maji yamenyamaza." Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne usiku na pampu imelala nao. Nilipomulika na tochi niliona midomo. Perege wote wako juu, midomo wazi, wanahema hewa, na samaki wa dhahabu wamejazana kwenye kona chini ya jiwe bapa lililokauka. Saba walikuwa wamekwisha.

Tulifanya hivi. Mke wangu na mimi tulichota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu ya kichwa, tena na tena, yaanguke kwa kishindo yabebe hewa. Tulifanya saa moja na nusu kwa kupokezana, na Mama kwa miaka yake 78 akashika kata akamwaga upande wake, hatukuweza kumzuia. Kulipopambazuka nikapima. Joto nyuzi 16. pH 8.4. Amonia 2.

Hiyo 2 kwa mwenye maji ya pH 7 ni onyo tu. Kwetu ni maafa, na ningependa kila mwenye bwawa wa Arusha alielewe hili kabla ya kitu kingine. Amonia ndani ya maji ina sura mbili, moja haina makali na nyingine inaua, na pH ndiyo inayoamua ipi iwe nyingi. Kwa nyuzi 16, pH ikiwa 7, sehemu inayoua haifiki hata nusu ya asilimia moja. pH ikiwa 8.4 ni kama asilimia 7. Kwa hiyo sumu halisi ilikuwa mara ishirini ya ile ambayo mtu mwenye maji laini angekuwa nayo kwa kipimo hicho hicho. Na ukienda kwenye pH 9 ya mchana wenye jua kali, mwani ukivuta kaboni dioksidi majini, mambo huwa mabaya zaidi.

Nimekaa kwenye kigoda nikapanga yaliyotokea. Samaki waliongezeka kutoka wanane hadi thelathini na nane kwa jioni moja, chujio likiwa limezoea wanane. Perege ni samaki wa joto, anastawi kwenye nyuzi 25 mpaka 30. Kwenye 16 anaacha kula, nami niliendelea kuwatupia chakula kama kawaida kwa kuwaonea huruma, kikashuka chini kikaoza. Bakteria nao baridi iliwapunguzia kasi. Kisha pampu ikazima usiku, wakati ambapo mimea na mwani vinatumia oksijeni badala ya kuitoa, ndiyo maana samaki hufa alfajiri na si mchana. Na mwinuko wetu unaongeza: maji ya nyuzi 20 kule Tanga yanaweza kushika miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya hapa hayafiki 8.

Tumetoa theluthi moja ya maji na kuweka ya simtanki yaliyokaa siku nyingi, taratibu, kwa saa tatu. Chakula marufuku siku tano. Hadi jioni waliokufa ni perege kumi na mmoja na dhahabu wawili. Dhahabu mmoja alikuwa yule mwenye doa jeupe mgongoni ambaye alikuwa anakuja mkononi kwa Mama. Amemzika chini ya mgomba mwenyewe.

Nimempigia shemeji, kwa sababu nilitaka asikie kwangu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Pole shemeji. Ungeniambia ningoje." Kweli. Ningemwambia tuwaache kwanza kwenye simtanki tuwaingize watano watano, asingeona vibaya hata kidogo.

Julai 11 hadi Agosti 2

Amonia ilishuka, naitraiti ikapanda mpaka 3. Naitraiti ikiingia kwenye damu ya samaki huigeuza kahawia na haibebi tena oksijeni, ataonekana anahema hata maji yakiwa na hewa tele. Dawa yake iko jikoni: chumvi ya mawe, kilo moja kwa kila lita elfu. Kwangu kilo 3.6, nikaiyeyusha kwenye ndoo na kuigawa kwa siku mbili. Kloridi ya chumvi huiziba naitraiti njia ya kuingilia. Kiasi hicho mimea haikulalamika.

Kila siku ya tatu nilibadilisha asilimia 15 ya maji. Perege kumi na tisa waliobaki wamehamia kwa dada mmoja wa Usa River, huko chini kuna joto kuliko kwetu na bwawa lake ni la lita elfu ishirini. Shemeji mwenyewe ndiye aliyewapeleka. Agosti 2: sifuri, sifuri, naitreti 25. Nimenunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri na kisahani cha sola. Inatoa mapovu usiku kucha umeme ukiwepo au usipokuwepo.

Septemba 7

Leo wenye mabwawa sita tumekutana hapa, kila mtu na kopo lake la maji ya kupima. Tumekaa mpaka giza. Nakusanya niliyoyaona ya maana.

Mama mmoja wa Sakina alitazama maji yangu ya kijani akasema nisinunue dawa ya mwani. Nifunike. Nusu ya uso wa maji, au zaidi kidogo, ikiwa chini ya majani, mwani unakosa jua na unakonda wenyewe. Ameniletea vipandikizi vitatu vya yungiyungi. Tumevipanda kwenye beseni pana, udongo mzito wa bustani usio na samadi, juu yake kokoto ili samaki wasichimbue. Ameleta na mafunjo ya kuweka kidatoni.

Kaka wa Ilboru alifungua pipa langu akanusa. Aliuliza sponji naliosha na nini. Bomba, nikajibu. Akatikisa kichwa: klorini ile ile inayoua wadudu wa tumboni inaua bakteria niliowangoja wiki tano. Sponji linakamuliwa ndani ya ndoo ya maji ya bwawa, basi, hata likibaki na uchafu kidogo. Moramu isiguswe mpaka maji yashindwe kupita.

Kuhusu ndege: korongo wangu anazuiwa na wavu wa mtoto. Mdiria hazuiwi na kitu, anapita matunduni kama mshale. Wa Kijenge amelaza vipande vya bomba la inchi nne chini ya bwawa, samaki wanakimbilia humo. Nimefanya hivyo leo leo.

Mtu mmoja alikuja na gugumaji, lina maua mazuri ya zambarau na linasafisha maji kweli. Tumemkatalia wote kwa pamoja. Limelitesa Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mabwawa yetu yote yanamwagia kwenye mifereji inayoishia mitoni. Mimea yoyote nyingine tunaisuuza kwanza na kutoa mayai ya konokono. Konokono wa majini ndio wanaobeba kichocho. Bila mkojo au kinyesi cha mgonjwa kuingia majini ugonjwa hauzunguki, lakini sioni sababu ya kuwakaribisha.

Oktoba 26

Mjakaranda. Matawi hayafiki, nilisema, na kweli hayafiki. Upepo unafika. Tangu wiki iliyopita bwawa ni zambarau tupu, na Mama anasema hajaona kitu kizuri hivi tangu aje Arusha. Alikuwa ananikataza kuyaokota maua. Siku ya nne yakaanza kuzama, kulainika na kuteleza kama ute, na maji yakapata rangi ya chai. Maua yakioza yanakula oksijeni sawa na chakula kilichobaki.

Tumekubaliana hivi: asubuhi anayatazama akinywa uji. Saa tatu napitisha chandarua na kuyatoa yote, yanaenda kwenye shimo la mboji. Usiku natandika wavu mwepesi juu ya fremu ya nondo.

Yungiyungi la kwanza limefungua, jeupe, lenye manjano katikati. Linafungua saa mbili na kufunga alasiri. Maji yamekuwa meupe, naona kokoto za chini kwenye sentimita 80.

Desemba 6

Vipimo: joto nyuzi 22, pH 8.1, amonia sifuri, naitraiti sifuri, naitreti 10.

Mama ndiye aliyeona. Alikuwa ameinama juu ya mafunjo akaniita kwa kidole, bila sauti, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nilidhani ni viluwiluwi vya mbu. Vidogo kama sindano, rangi ya kahawia, vimejipanga kando ya mizizi ambako wakubwa hawapenyi. Tulitulia. Kimoja kikageuka kikapata mwanga nikaona macho mawili meusi na tumbo la duara. Watoto wa samaki wa dhahabu. Bado hawana rangi, itachukua miezi kuibadili ile kahawia, na wengine hawataibadili kamwe.

Nimehesabu ishirini na tatu nikapoteza hesabu. Wazazi wao hula mayai na watoto bila kubagua, kwa hiyo tumewatoa kumi na tano kwa kikombe, polepole, na kuwaweka kwenye beseni la lita hamsini lenye maji ya bwawa, kipande cha sponji la zamani na bomba la hewa. Chakula ni kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa, kiasi cha kichwa cha kiberiti, mara tatu kwa siku, na maji ya beseni nabadilisha kidogo kila jioni. Waliobaki kwenye mafunjo wabaki humo.

Dada wa Usa River anakuja Jumamosi kuchukua kipandikizi cha yungiyungi. Shemeji amepiga simu kuuliza kama safari hii anaweza kuleta kitu. Nimemwambia alete moramu, debe mbili, naongeza pipa la pili.